Neno Moja, Mizigo Mingi: "Charge" na Jamaa Zake

Askari yeyote aliyepata kutumikia kituo cha polisi au kambi ya jeshi amekwisha kukutana na neno la Kiingereza "charge". Polisi huliona juu ya hati ya mashtaka. Mpiga mizinga hulisoma panapotajwa kiasi cha baruti kinachosukuma kombora. Dereva hulisikia betri inapotiwa umeme. Na mnunuzi hulikuta katika bili. Je, haya ni maneno mengi yaliyofanana kwa bahati, au ni neno moja?

Ni neno moja, na asili yake ni mzigo. Warumi wa kale walikuwa na gari waliloliita "carrus", jina walilolipata kwa Wakelti, jirani zao. Kutokana nalo kikazaliwa kitenzi chenye maana ya kupakia gari mzigo. Wafaransa wakakirithi, na baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kikaingia katika Kiingereza pamoja na maneno mengine mengi ya Kifaransa.

Ukiishika maana hiyo ya mzigo, nyingine hufunguka zenyewe. Bunduki ya zamani ilipakiwa baruti. Betri hupakiwa umeme. Mnunuzi hutwikwa gharama. Mshtakiwa hutwikwa kosa. Na mkuu wa kituo hutwikwa dhamana ya watu na mali. Jamaa zake ni "carry", yaani kuchukua, na "cargo", yaani shehena, lililopitia Kihispania. Lakini neno letu "gari" si la ukoo huo, ijapokuwa sauti zinakaribiana. Hilo lilitujia kutoka Bara Hindi.

Msumbufu kuliko wote katika ukoo huu ni "discharge", yaani kuutua mzigo. Bunduki ikifyatuka, neno ni hilo. Askari akiachishwa jeshi, ni hilo. Mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitali, ni hilo. Usaha ukitoka jerahani, ni hilo hilo. Mahakamani ndiko penye hatari. Katika sheria tulizorithi kwa Waingereza, mshtakiwa aliyeondolewa shtaka kwa neno hili si lazima awe ameonekana hana hatia, na aghalabu aweza kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Aliyeonekana hana hatia huandikiwa neno jingine, "acquit". Polisi anayeyafasiri yote mawili kwa "ameachiliwa" aweza kupoteza vielelezo ambavyo vitahitajiwa kesho, au kumkamata tena mtu ambaye mahakama imekwisha kumtakasa. La kwanza ni uzembe. La pili ni dhuluma.

Katika vita, "charge" ni shambulio la kasi. Mashuhuri kuliko yote lilitokea tarehe 25 Oktoba 1854 karibu na Balaclava, katika rasi ya Krimea, Waingereza walipokuwa wakipigana na Warusi. Jemadari Raglan, akiwa juu ya kilima, alituma amri kwamba wapanda farasi wamzuie adui asiondoke na mizinga. Yeye aliiona mizinga aliyoikusudia, ambayo Warusi walikuwa wameiteka asubuhi hiyo. Jemadari Lucan, aliyekuwa bondeni, hakuiona. Mizinga aliyoielewa ni ya Warusi mwishoni mwa bonde. Wapanda farasi wapatao 670 wakapelekwa huko, wakipigwa kutoka mbele na ubavuni, na zaidi ya 100 wakauawa. Waliangamizwa na ushupavu uliofuata neno lisilobainishwa.

Nchini Uganda, ambako askari wamepeana amri kwa Kiswahili tangu enzi za ukoloni, hali sheria zimeandikwa kwa Kiingereza, kila siku kuna mtu anayevusha maneno kutoka lugha hii hadi ile. Kiswahili humsaidia, kwa kuwa kimetenga shtaka, shambulio, ada na chaji. Hata hivyo, nacho kina mitego yake: "dhamana" ni wajibu aliokabidhiwa mkuu, na ni ile inayomtoa mahabusu rumande.

Kwa hiyo, ndugu askari, neno likikujia na maana mbili, usichague ile iliyo karibu na mkono wako. Mrudie aliyelitoa, umwulize amekusudia ipi. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa nidhamu.