Kahawa ile ile: Mmoja anapata mzuka, mwingine anakesha macho kodo

KWENYE kijiwe chochote cha kahawa utawakuta watu wa aina mbili. Yupo anayeshusha vikombe vitano vya kahawa chungu, anabishana kuhusu Simba na Yanga mpaka saa 5 usiku, kisha akifika nyumbani anakoroma. Na yupo anayekunywa kimoja tu, halafu usiku kucha anahesabu mbao za paa huku moyo unamdunda.

Huyu wa pili huwa anachekwa. Anaambiwa mwepesi, hajazoea. Lakini utani huo ukiingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo unageuka jambo zito, kwa sababu kafeini imekuwa sehemu ya maandalizi ya mechi kwa timu nyingi kubwa. Kumpa kila mchezaji dozi moja ni sawa na kuwavalisha wote viatu vya saizi moja.

USIKU WA WARSAW
Oktoba 16, 2012, England ilikuwa Warsaw kucheza na Poland kuwania kufuzu Kombe la Dunia 2014. Mvua ikashuka kama imetumwa, paa la uwanja lilikuwa limeachwa wazi, nyasi zikageuka bwawa. Mechi ikasogezwa hadi kesho yake.

Shida ikaanzia hapo. Baadaye ilifahamika kwamba baadhi ya wachezaji wa England walikuwa wameshameza vidonge vya kafeini kujiandaa na mechi hiyo. Mechi haipo, lakini dawa ipo kwenye damu. Hotelini usingizi ukagoma, ikabidi wengine wameze vidonge vya usingizi. Siku iliyofuata jioni wakarudi uwanjani. Wayne Rooney akafunga, Kamil Glik akasawazisha kwa kichwa, ikaisha 1-1.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba sare ile ililetwa na vidonge. Lakini usiku ule uliwaonyesha watu upande wa pili wa kafeini: ukishaimeza, si wewe unayeamua itoke saa ngapi.

INI NDILO REFA
Iko hivi. Kadiri mtu anavyokaa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo inayoleta uchovu na usingizi. Kafeini inakwenda kukaa kwenye viti vya adenosini, hivyo ubongo haupati taarifa kuwa mwili umechoka. Ndani ya dakika 30 hadi 60 tangu mtu anywe, kazi inakuwa imefika kileleni.

Kuitoa ni kazi ya ini, kupitia kimeng'enya kinachoitwa CYP1A2. Na hapa ndipo watu wanapotofautiana. Kwa mtu wa kawaida, nusu ya kafeini huondoka mwilini ndani ya saa tano hivi. Wapo ambao saa mbili zinatosha, na wapo ambao hata saa tisa hazitoshi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo mtu anazaliwa nayo. Jeni nyingine nazo huamua nani atapata wasiwasi na nani atabaki ametulia tuli.

Weka hesabu hiyo kwenye mechi ya saa 1 usiku. Wachezaji watatu wanameza miligramu 200 saa 12 jioni. Ikifika saa 5 usiku, yule mwenye ini la spidi amebakiwa na miligramu 35 hivi, yule wa kawaida ana 100. Yule wa taratibu atafikisha hizo 100 saa 9 usiku, wenzake wameshalala zamani.

Na usingizi kwa mchezaji si starehe. Ndio muda ambao misuli inajijenga upya baada ya kukimbia dakika 90. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 za kafeini, hata zikinywewa saa sita kabla ya kulala, zinakata zaidi ya saa nzima ya usingizi.

HAIMSAIDII KILA MTU
Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walichapisha jambo lililowashtua wengi. Waliwapima jeni wanamichezo wanaume 101, wakawapa kafeini kisha wakawashindanisha kwa baiskeli kilomita 10. Kwa dozi ya miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito, wale wenye jeni ya spidi waliimarika kwa karibu asilimia 7. Wale wa jeni ya taratibu kabisa, muda wao uliharibika kwa karibu asilimia 14.

Yaani kitu kile kile, siku ya mashindano, kinampaisha mmoja na kumzamisha mwingine.

Ndiyo maana kumwiga staa ni hatari. Jamie Vardy aliandika kwenye kitabu cha maisha yake kwamba siku ya mechi alikuwa anapiga makopo matatu ya Red Bull na espresso dabo. Hizo ni zaidi ya miligramu 300. Akafunga mabao 24 na Leicester ikabeba ubingwa wa England msimu wa 2015/16. Lakini huo ni mwili wa Vardy. Kinda wa ndondo mwenye kilo 58 akijaribu hayo, anaweza kuingia uwanjani mikono inatetemeka, tumbo limechafuka, anaomba kwenda kukojoa kabla filimbi haijalia.

Kisheria hakuna tatizo. Zamani mchezaji akikutwa na zaidi ya mikrogramu 12 za kafeini kwenye mililita moja ya mkojo alikuwa anafungiwa. Kuanzia Januari 1, 2004, Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Michezoni (WADA) liliiondoa kwenye orodha ya marufuku, likabaki kuifuatilia tu. Kuruhusiwa, hata hivyo, hakuna maana kwamba inamfaa kila mtu.

INAJIFICHA WAPI?
Wengi wanahesabu kahawa peke yake. Kikombe cha kawaida cha kahawa kina miligramu 80 hadi 100, chai ya rangi 40 hadi 50, kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu 80, na soda ya kola 30 na ushee. Baadhi ya vidonge vya maumivu ya kichwa navyo vimetiwa kafeini. Mchezaji aliyekunywa chai asubuhi, soda mchana, kidonge cha kichwa alasiri na kopo moja jioni anaweza kuapa kuwa hatumii kahawa, kumbe damu imejaa.

Aina ya kahawa nayo ina neno. Robusta, ile inayolimwa sana Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Aliyezoea ya Moshi akienda Bukoba na kukaribishwa kwa buni za kutafuna, asishangae usiku ukiwa mrefu.

Kuna vitu vingine vinavyolibana ini. Dawa ya siprofloksasini, inayoandikwa sana hospitalini, inaizuia kafeini isitoke haraka. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuirefushia muda mwilini hadi mara mbili, jambo ambalo makocha wa timu za wanawake wanapaswa kulijua kabla ya kugawa makopo. Ujauzito nao unaipunguza sana kasi hiyo.

KUACHA GHAFLA NAKO SHUGHULI
Upande mwingine ni wa waliozoea. Mwili ukishazoea kafeini, ukiikata ghafla kichwa kinaanza kugonga ndani ya saa 12 hadi 24. Mwezi wa Ramadhani wachezaji na mashabiki wengi wanakutana na hali hii siku za mwanzo, wakadhani ni njaa tu. Dawa yake ni kupunguza kidogo kidogo wiki moja au mbili kabla ya mfungo.

UFANYEJE SASA?
Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA) inasema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mkupuo na 400 kwa siku. Hicho ni kiwango cha juu, si cha kukimbilia. Mwenye mwili unaohisi kafeini haraka anaweza kupata tabu kwa robo yake.

Kanuni ya kwanza kwa mchezaji ni kutojaribu kitu kipya siku ya mechi. Ajaribu mazoezini, aanze na kidogo, aandike alivyolala na moyo ulivyokwenda. Mechi ikiwa ya usiku, ajiulize kama dakika 90 hizo zinastahili kulipiwa kwa mazoezi mabovu ya kesho yake. Kanuni ya pili ni ya kocha: mchezaji akisema kitu hiki kinanisumbua, aaminiwe.

Shabiki naye hajaachwa. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinaanza saa 4 usiku, na majira ya baridi huko kwao zinasogea hadi saa 5. Anayejijua kafeini inamkaba, kikombe chake cha mwisho kiwe cha mchana. Dereva wa bodaboda aliyekesha macho kodo atabeba abiria asubuhi, na barabarani hakuna VAR. Na yule ambaye kikombe kimoja kinampeleka mapigo ya moyo hovyo au kumbana kifua, asibishane na kijiwe, aende akapimwe.

Mwenzako akisema kimoja kinamtosha, mwache. Anaujua mwili wake.