Shamba lililotoka kwenye mikaratusi halijafa, lina njaa

WAHENGA walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msemo huu unatuhusu sana sisi tuliorejea Burundi na kukuta mashamba ya wazazi wetu yamegeuka misitu ya mikaratusi. Wengi wetu tunatazama juu, tunahesabu mirunda na magunia ya mkaa, kisha tunamwita mnunuzi. Wanaoinama kuangalia udongo ni wachache mno.

Matokeo yake tunayaona hapa Makamba kila msimu. Mtu anauza miti yote, anachoma matawi, na mvua za kwanza zikinyesha anapanda mahindi au maharage. Mimea inaota, lakini inadumaa na kuwa ya njano. Jirani anamwambia, "Mikaratusi imeua ardhi yako." Ukifika msimu wa pili au wa tatu, shamba linauzwa kwa bei ya kutupa, na aliyerejea nyumbani akiwa na ardhi anabaki kibarua kwenye ardhi ya wengine.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, na ninaomba nisikilizwe kabla shamba jingine halijauzwa. Ardhi ile haijafa. Ina njaa, na wanaoigombania chakula kidogo kilichopo ni viumbe tusiowaona kwa macho, yaani bakteria.

Wenyeji wa udongo

Gramu moja ya udongo mzuri, ambayo haijai hata kijiko cha chai, inaweza kuwa na bakteria wapatao bilioni moja, wa maelfu ya aina. Hao ndio wanaoozesha majani na kuyarudisha kuwa mbolea. Wapo pia wenye kipaji cha pekee cha kuchukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na kuifanya chakula cha mmea.

Ili kujua miti inawafanya nini viumbe hawa, watafiti huchagua mashamba ya miti yaliyo jirani, yenye udongo wa namna moja lakini yaliyopandwa miaka tofauti. Hulinganisha udongo wa miti michanga na ule wa miti iliyokomaa. Ni kama kutazama watoto wa familia moja waliopangwa kwa umri.

Shamba changa bado linaishi kwa akiba ya zamani. Udongo umetoka kulimwa, jua linaupiga, majani yaliyoanguka ni machache. Bakteria wanaopenda chakula cha haraka ndio wanaotamba. Miti ikikua na kufunga kivuli, tabaka la majani huongezeka, unyevu hudumu, na kazi huhamia kwa bakteria na kuvu wanaoozesha polepole.

Hapo ndipo aina ya mti inapoamua mambo. Jani la mkaratusi lina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, tena lina mafuta yanayoweza kuzuia mbegu nyingine zisiote. Bakteria wanaolila hawapati naitrojeni ya kutosha ndani yake, hivyo huichukua kwenye udongo. Ukifyeka msitu wa namna hiyo, ukafukia majani yake na kupanda mahindi wiki hiyo hiyo, umemkaribisha mgeni mezani wakati wenyeji wenyewe wananyang'anyana. Njano unayoiona kwenye mahindi mara nyingi ni njaa ya naitrojeni. Majani yakishaoza, bakteria hufa na kuirudisha.

Jambo la pili ni uchachu. Udongo wa milima yetu mingi una asidi hata kabla ya kupandwa miti, na miti inayovunwa mara kwa mara huweza kuizidisha. Bakteria ni wepesi kuathiriwa na asidi. Hata wale wanaoishi kwenye mizizi ya maharage hushindwa kufanya kazi yao vizuri.

Umri peke yake si hoja

Msomaji asielewe kwamba msitu mzee daima ni mbaya. Mkaratusi ulioachwa ukakomaa, majani yakabaki chini na vichaka vikaota katikati yake, unaweza kuurudishia udongo uhai mwingi. Tatizo letu ni kwamba hatuuachi. Tunakata kila baada ya miaka michache, tunasubiri maotea ya visiki, tunakata tena, na majani tunayafagia kwa ajili ya kupikia. Shamba linazeeka kwa hesabu ya miaka, lakini udongo wake haupewi nafasi ya kukomaa.

Nilisoma shule kambini Mtabila, wilayani Kasulu, kambi iliyofungwa mwaka 2012. Kila mwaka tulitembea mbali zaidi kutafuta kuni, na tulipokuwa tukipita tuliokota hata majani makavu. Hakuna aliyetulaumu, tulikuwa na njaa. Leo tuko kwetu. Ardhi hii si ya kupita.

Kongo-Brazzaville, karibu na Pointe-Noire, kuna mashamba makubwa ya mikaratusi kwenye udongo wa mchanga ulio maskini. Mtafiti Lydie-Stella Koutika na wenzake walifuatilia sehemu ambazo mikaratusi ilichanganywa na mikeshia aina ya Acacia mangium, ambayo mizizi yake hukaa na bakteria wa naitrojeni. Baada ya miaka saba, udongo wa mchanganyiko ulikuwa na kaboni na naitrojeni zaidi kuliko ule wa mikaratusi mitupu. Fosforasi ilipungua, maana mikeshia nayo hula. Mwaka 2020 walichapisha pia utafiti kuhusu bakteria wa mashamba hayo.

Pwani ya Kenya, huko Bamburi, machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa miti mwanzoni mwa miaka ya 1970 chini ya René Haller. Mvinje ulistahimili mahali ambapo miti mingi ilikufa, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na bakteria aitwaye Frankia. Leo pale pana msitu. Ikiwa mwamba umeweza kugeuka udongo, sembuse shamba la baba yako?

Tufanye nini?

Kwanza, ukifyeka mikaratusi usichome kila kitu, wala usifukie majani mabichi na kupanda papo hapo. Yakusanye yaoze pamoja na samadi. Kama unaweza kupata chokaa ya kilimo, itapunguza asidi. Majivu ya jikoni nayo husaidia kidogo.

Pili, anza na mikunde. Ikifika wakati wa maua, ng'oa maharage mawili matatu na upasue vinundu vya mizizi. Vikiwa vyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vya kijani au kijivu, au visipokuwepo, udongo bado unahitaji msaada. Wanafunzi wangu hufanya jaribio hili kwa wembe tu.

Tatu, unapopanda upya, changanya. Tangu mpango wa Ewe Burundi Urambaye uzinduliwe mwaka 2018, miche mingi imepandwa vilimani. Mgrivelea ni mti mzuri, lakini hautengenezi naitrojeni kama wengi wanavyodhani. Weka kaliandra au lukina mistarini.

Kwa wafanyabiashara mnaonunua miti ikiwa imesimama, upande huu na ule wa mpaka, nina ombi moja. Menyeni magome hapo hapo shambani na kuyaacha. Gome la mkaratusi limebeba sehemu kubwa ya kalisi ya mti, na anayelihitaji ni mwenye shamba. Ninyi mtabeba mirunda myepesi inayokauka upesi, naye atabaki na udongo utakaokuza miti mtakayokuja kununua tena.

Na wewe ndugu uliyerejea, ambaye mahindi yako yamekuwa ya njano na mnunuzi wa ardhi ameshapiga hodi, mwambie arudi baada ya misimu miwili. Huenda wakati huo akakuta huuzi.