Je, Wajua? Tangi la Samaki la Mbagala Halina Shida ya Baridi

Maji yakipoa, kidhibiti cha kielektroniki cha tangi la samaki kinawasha hita. Sebuleni Mbagala au Tegeta, jijini Dar es Salaam, hita ya nini? Huku adui ni joto. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30, hubaki kama 7.5. Umeme ukikatika usiku wa Februari, pampu ya hewa huzima, na kidhibiti chenyewe kisicho na betri huzima nacho. Asubuhi utawakuta samaki juujuu wakihema.

Kwa hiyo pampu ya hewa ya betri kwanza, na kipimajoto cha kubandika kwenye kioo.

Kipima pH (kiwango cha asidi ya maji) cha kidhibiti nacho kina gharama zake: kijiti chake husawazishwa mara kwa mara kwa maji maalumu, na huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili. Wala vifaa vingi havipimi amonia, muuaji mkuu wa tangi jipya. Hiyo hupimwa kwa matone ya kemikali. Anayefuga matumbawe ya baharini, sawa, anunue kidhibiti.