Mimea Izaliwayo Bila Mbegu, Bara na Majini

Tumezoea kudhani kuwa kila mmea huanzia kwenye mbegu. Tukiyatazama mashamba yetu ya Kilifi na Kwale, tutaona mengine. Ndizi tuzilazo hazina mbegu ya kuota. Mgomba ukishazaa mkungu wake hufa, na chipukizi lililotoka kwenye tunguu lake ardhini hushika mahali pake. Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na viazi vitamu kwa marando.

Mmea uzaliwao hivi humrithi mama yake kwa kila kitu: utamu, mazao, na mara nyingi maradhi pia. Hapo ndipo pa kuangalia. Batobato ya muhogo huenezwa na inzi weupe, lakini huenezwa pia na mkono wetu wenyewe, tunapomkatia jirani mbegu kutoka shina lenye ugonjwa. Basi kabla ya kukata, tuyakague majani: yakiwa na mabaka ya manjano na yamejikunja, shina hilo lisipandwe wala lisigawiwe. Hidaya yenye madhara si hidaya.

Majini nako mambo ni yayo hayo. Akina mama wa Kibuyuni hufunga vipande vya mwani kambani, wakavuna baada ya wiki sita hivi, na wakabakisha vipande vya kupanda tena. Mwani hauna mizizi ya kunyonya chakula. Hujilisha kwa mwili wake wote. Nyasi za bahari, ambazo wengi huzichanganya na mwani, ni mimea kamili yenye mizizi, nazo hutoa maua humo humo majini. Hata hivyo, huenea zaidi kwa mashina yatambaayo chini ya mchanga. Humo tafi hulisha na samaki wadogo hujisitiri. Juya likikokotwa juu yake huyang'oa mashina hayo, na penye upara huchukua miaka kurejea.

Kinyume chake ni gugu maji la Ziwa Victoria: kulikatakata na kuliacha majini ni kulieneza, kwani kipande cha shina huweza kuwa mmea mpya.

Kwa hivyo tunausiana: tukague kabla ya kugawa, na tusikokote juya juu ya malisho ya samaki wetu. Mola atuwafikishe.