Je, Chakula cha Nyumba Yako Kinatosha? Namna ya Kukipima



Ukiulizwa una ng'ombe wangapi, utajibu mara moja. Ukiulizwa pamba yako ya mwaka jana ilikuwa kilo ngapi, utaonyesha karatasi ya mzani. Lakini ukiulizwa chakula kilichomo ghalani kitafika tarehe gani, pengine utatazama ghala na kusema, "Kipo." Neno hilo si kipimo. Mtu aweza kulisema mwezi wa Agosti, na mwezi wa Desemba akawa anakopa unga kwa jirani.

Tena, chakula kuwapo si sawasawa na lishe kuwapo. Nyumba yaweza kujaa udaga, na mtoto wa nyumba hiyo hiyo akadhoofika. Kwa hiyo tutaeleza hapa vipimo vinne ambavyo kila kaya ya Musoma, Bunda na Butiama yaweza kuvitumia: kipimo cha ghala, kipimo cha chungu, kipimo cha maswali, na kipimo cha mkono wa mtoto. Kila kimoja huonyesha jambo ambalo vingine havionyeshi.

KWA NINI GHALA PEKE YAKE HALITOSHI

Mwaka 1985 wilaya ya Tarime, hapa hapa mkoani Mara, ilipatwa na ukame. Mihogo michungu ilistahimili, lakini mazao mengine yaliharibika. Kwa sababu ya njaa, watu hawakungoja siku za kutosha za kuichachua na kuianika mihogo hiyo. Waliila mapema, na mara nyingi bila samaki, maharage wala maziwa. Kati ya Agosti na Oktoba mwaka huo ukazuka ugonjwa wa kupooza miguu, ambao wataalamu huuita konzo. Waliopatwa zaidi ni watoto na wanawake. Ugonjwa huu huja ghafla, na hauna dawa ya kuuponya.

Kilicholeta madhara ni sumu ya sianidi iliyobaki katika mihogo. Mwili una njia ya kuiondoa sumu hiyo, lakini ili ufanye kazi hiyo huhitaji protini, na muhogo una protini kidogo sana. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini kama gramu 2 tu. Unga wa mahindi una kama gramu 9, maharage makavu zaidi ya gramu 20, na dagaa wakavu zaidi ya gramu 50.

Basi fahamu kwamba watu wale hawakukosa cha kutia tumboni. Walikosa kitoweo, na walikosa muda. Mtu aliyehesabu mihogo peke yake angesema chakula kipo.

KIPIMO CHA KWANZA: GHALA

Kazi hii ifanyike mara baada ya mavuno ya masika, kabla ya kuuza hata debe moja.

1. Kwa siku saba, pima nafaka inayotumika nyumbani kila siku kabla ya kwenda mashineni. Tumia kopo lile lile. Siku ya wageni nayo ihesabiwe, kwa kuwa wageni watakuja tena.

2. Gawanya jumla kwa saba. Hapo utajua matumizi ya siku moja.

3. Hesabu madebe yaliyomo ghalani. Toa mbegu kwanza, uiweke katika chombo chake. Toa na kiasi cha hasara na dharura, kama vile msiba.

4. Gawanya kilo zilizobaki kwa matumizi ya siku. Jibu ni idadi ya siku. Andika tarehe ya mwisho kwa chaki juu ya mlango wa ghala.

Tuchukue mfano wa kaya ya watu 7. Katika juma moja walitumia kilo 21 za mahindi, yaani kilo 3 kwa siku. Debe lao la mahindi makavu lina kilo 18, hivyo debe moja ni chakula cha siku 6. Tarehe 1 Agosti wana madebe 36. Wanatoa 1 la mbegu na 3 ya hasara na dharura, yanabaki 32. Mara siku 6, ni siku 192. Chakula kitafika tarehe 8 Februari, wakati mahindi ya vuli yanaanza kuingia. Kaya hii imo salama, mradi vuli isikose.

Sasa tuseme baba wa nyumba hii auze madebe 10 mwezi wa Agosti, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Yatabaki madebe 22, nayo ni siku 132. Chakula kitakwisha tarehe 10 Desemba. Mahindi ya vuli bado yako shambani, na unga wa dukani umepanda bei. Hapo baba na mama watakwenda kufanya kibarua katika mashamba ya watu, na magugu yatalisonga shamba lao wenyewe. Hivyo njaa ya Desemba huzaa mavuno haba ya Februari. Si vibaya kuuza. Lakini uza kile kinachozidi hesabu, usiuze hesabu yenyewe.

Jihadhari na mambo matatu. La kwanza, debe la udaga si sawa na debe la mahindi, kwa sababu vipande vya udaga huacha nafasi katikati. Pima kila zao kwa mzani, ulihesabu peke yake.

La pili, mihogo iliyo shambani nayo ni ghala, lakini isihesabiwe kwa macho. Ng'oa mashina 10 kutoka sehemu mbalimbali za shamba, mabaya kwa mazuri, uyaandae mpaka yawe udaga mkavu. Ikiwa umepata nusu debe, basi mashina 400 yatatoa madebe 20. Mashina yaliyokufa na yale yaliyodumaa kwa batobato usiyatie katika hesabu.

La tatu, hesabu ya Agosti haidumu mwaka mzima. Dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, aweza kuyageuza mahindi kuwa vumbi kwa miezi michache. Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti, tembo huweza kumaliza shamba kwa usiku mmoja. Kwa hiyo rudia hesabu mwezi wa Novemba, Februari na Mei.

Ninyi mnaoishi ufukweni na kununua unga kwa fedha za dagaa, ghala lenu ni mfuko. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka fedha hupungua. Hesabuni kwa mwezi wa angani: unga utakaonunuliwa wakati wa giza sharti ufike mpaka giza linalofuata.

KIPIMO CHA PILI: CHUNGU

Kipimo hiki huuliza: jana, tangu asubuhi mpaka usiku, mama wa nyumba alikula vyakula vya makundi mangapi? Twamuuliza mama kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye apakuaye, naye hujipakulia mwisho. Makundi ni 10:

1. Nafaka, mihogo, viazi na ndizi za kupika.
2. Maharage, kunde, choroko na mbaazi.
3. Karanga, ufuta na mbegu za maboga.
4. Maziwa.
5. Nyama, kuku, samaki na dagaa.
6. Mayai.
7. Mboga za majani: mchicha, majani ya kunde, matembele, mgagani, mlenda.
8. Papai bivu, embe bivu, boga, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa.
9. Mboga nyingine, kama nyanya, bilinganya na bamia.
10. Matunda mengine, kama ndizi mbivu, chungwa na pera.

Mama aliyefikisha makundi 5 au zaidi yuko karibu zaidi kupata vitamini na madini anayohitaji. Kipimo hiki kilitolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2016, kwa ajili ya kupima jamii za wanawake wa miaka 15 hadi 49. Siku moja haitoshi kumhukumu mtu mmoja. Kwa hiyo nyumbani kitumie siku kadhaa tofauti, ili kionyeshe mazoea ya chungu chako.

Hesabu kwa haki. Chakula kisichofika kijiko kikubwa kimoja kwa mlaji hakihesabiwi. Nyanya moja ndogo iliyogawanywa kwa watu saba ni kiungo tu.

Mathalani, asubuhi mama alikunywa uji wa ulezi, mchana akala ugali wa udaga kwa dagaa, usiku ugali wa mtama kwa mlenda. Amekula mara tatu na ameshiba. Lakini ulezi, udaga na mtama vyote ni kundi moja. Pamoja na dagaa na mlenda, makundi ni 3 tu. Sahani ya kunde na kipande cha papai vingeyafikisha 5, na vyote viwili hulimwa nyumbani bila gharama kubwa.

KIPIMO CHA TATU: MASWALI

Ghala na chungu havionyeshi wasiwasi wa watu wala namna wanavyojinyima. Kwa hiyo mume na mke wakae, wajibu kwa kweli. Katika siku 30 zilizopita, kwa sababu ya kukosa chakula au fedha:

Je, mlipata wasiwasi kwamba chakula kitakwisha?
Je, mlikula chakula cha aina moja tu siku baada ya siku?
Je, yuko aliyepunguza kiasi anachokula?
Je, mliacha mlo mmoja kwa siku?
Je, yuko aliyelala na njaa?
Je, yuko aliyekaa mchana na usiku bila kula?

Kwa kila ndiyo, sema ni mara ngapi: 1 au 2, 3 hadi 10, au zaidi ya 10. Maswali ya mwanzo ni onyo, na maswali mawili ya mwisho ni hatari. Ndiyo moja katika hayo mawili yatosha kwenda kumweleza mwenyekiti wa kitongoji na Bwana au Bibi Shamba, kabla mambo hayajaharibika. Kusema si aibu. Aibu hiyo ndiyo iliyofanya njaa nyingi zijulikane zikiwa zimechelewa.

KIPIMO CHA NNE: MKONO WA MTOTO

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzunguko wa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa utepe wa rangi. Mhudumu wa afya wa jamii atakufundisha. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano: apelekwe kliniki achunguzwe na kufuatiliwa. Kuanzia 12.5 ni kijani. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili apelekwe upesi, hata utepe ukiwa kijani.

Lakini utepe hauonyeshi udumavu. Huo hujulikana kwa kupima urefu kliniki. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Wengi wao hawaonekani wagonjwa. Huonekana wafupi tu, na watu husema ni ukoo. Kwa hiyo usikose kliniki kwa sababu mtoto anacheza.

MAJIBU YAPELEKWE SHAMBANI

Kupima bila kutenda ni kazi bure. Jibu la kila kipimo liamue utakachopanda.

Siku za ghala zikipungua: ongeza mtama mahali pakavu, na panda mihogo kwa pingili safi zisizo na batobato wala michirizi ya kahawia. Kausha mahindi vizuri, yapukuchue, uyaweke katika mifuko isiyopitisha hewa.

Makundi ya chungu yakiwa machache: panda kunde kati ya mistari ya mahindi, utapata majani mapema na punje baadaye. Tenga sehemu ndogo ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na wakati wa kiangazi tunza mbegu za marando karibu na maji. Panda mipapai miwili mitatu karibu na bafu. Mboga za majani zikizidi wakati wa mvua, zikaushe kivulini uziweke.

Mihogo michungu ikiwa ndiyo tegemeo: imenye, iloweke siku 3 au zaidi mpaka ilainike, kisha ianike ikauke kabisa. Usipunguze siku hata kama kuna njaa. Kwa usalama zaidi, lowesha unga kwa maji, utandaze mwembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha uupike siku hiyo hiyo. Wala usikose kitoweo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Hesabu siku za ghala kabla ya kuuza.
Hesabu makundi ya chungu, usihesabu milo tu.
Jibuni maswali mume na mke pamoja.
Pima mkono wa mtoto, na urefu wake kliniki.
Rudia Agosti, Novemba, Februari na Mei.

Ukikwama katika hesabu, chukua kopo lako na daftari lako umwendee Bwana au Bibi Shamba wa kata yako. Mtahesabu pamoja.