Sura ya 4: Mfuko wa Chakula Unatoka Wapi

Mfugaji wa samaki hujulikana kwa samaki anaouza, lakini fedha zake nyingi hutoka mfukoni kwenda kwa muuza chakula. Jumlisha vifaranga, nyavu, mlinzi, mafuta ya boti na barafu. Chakula peke yake kwa kawaida huchukua asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote. Chukua kizimba kimoja cha sato 2,000 wanaovunwa wakiwa na gramu 400 kila mmoja. Hizo ni kilo 800 za samaki. Ukilisha vizuri, kila kilo ya samaki itakula kilo moja na nusu ya chakula, kwa hiyo utahitaji kilo 1,200, yaani mifuko 60 ya kilo 20. Mfuko ukipanda kwa shilingi 5,000 tu, umepoteza shilingi 300,000 kabla hujavua samaki hata mmoja. Wanaoamua bei hiyo hawako Mwanza na Kisumu tu, na mara nyingine kati yao kuna ambaye hajawahi kumwona sato.

Fungua mfuko. Ndani mna pumba za mahindi au za mpunga, mashudu ya alizeti au ya pamba, soya, unga wa samaki, mafuta kidogo, vitamini na madini. Pumba ni za nguvu, na upatikanaji wake si tatizo kubwa. Kinachopandisha bei ni protini. Kifaranga cha sato huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 40 au zaidi; akishakua, asilimia 30 hivi inamtosha. Pumba za mahindi hazifiki mbali zaidi ya asilimia 10. Pengo hilo linazibwa na soya, ambayo mashudu yake yana asilimia 44 hadi 48, na dagaa, ambaye akikauka vizuri hupita asilimia 55. Zaidi ya wingi wa protini, dagaa ana laisini, kiambato cha protini ambacho mashudu ya alizeti na pamba hayana cha kutosha. Ndiyo maana kila anayechanganya chakula, awe na kiwanda au koleo na sakafu ya saruji, huishia kumtafuta dagaa.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwakusanya, kisha wavu unazungushwa. Mbalamwezi ikijaa, taa hazina kazi, kwa kuwa mwanga umeenea ziwa zima na dagaa hawakusanyiki, hivyo mitumbwi inapumzika kusubiri giza. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo dagaa wabichi hawaingii mwaloni, na bei inasogea. Halafu kuna mvua. Dagaa wengi bado huanikwa juani, na masika ikikatiza jua kwa siku mbili tatu, mzigo unavunda, unageuka rangi na kuanza kunuka. Mzigo huo haumfai mlaji, hivyo unaangukia kwa wanunuzi wa chakula cha mifugo. Aliyeanika juu ya kichanja huuza dagaa safi kwa bei nzuri. Aliyeanika mchangani huuza dagaa na mchanga pamoja. Mchanga una uzito kwenye mzani lakini hauna protini, na kiwanda kinachonunua bila kupima kinalipia ufukwe. Chukua konzi ya dagaa wa mchangani, uwatie kwenye bakuli la maji, uwakoroge, kisha uwatoe. Kitakachobaki chini ndicho ulichouziwa kwa bei ya dagaa.

Mizigo hiyo hukutana sokoni na wateja wa namna mbili. Soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hupokea wafanyabiashara wanaopeleka dagaa Kongo, Rwanda na Burundi kwa ajili ya kitoweo. Papo hapo kuna wanaonunua kwa ajili ya kuku na samaki. Familia ya kipato cha chini, ambayo kwayo dagaa ndiyo nyama ya kila siku, inashindana kwa gunia moja na kuku wa mayai wa mjini na sato wa kizimbani. Nasema wazi: kumlisha sato dagaa anayefaa kuliwa na mtoto ni hesabu mbaya, hata kama kwa mfugaji mmoja mmoja inaleta faida. Sato ni samaki anayekula mwani kwa asili, na viwanda vikubwa duniani vimeshapunguza unga wa samaki katika chakula chake hadi asilimia chache tu. Kamba wa kufugwa ndiye mgumu zaidi. Mahitaji yake ya protini ni makubwa, na nchi kama Ecuador, inayozalisha zaidi ya tani milioni 1 za kamba kwa mwaka, huufuatilia unga wa samaki kwa karibu sana.

Mzalishaji mkubwa zaidi wa unga huo duniani ni Peru. Huko huvuliwa anchoveta, samaki mdogo aliye ndugu wa dagaa mcheli wa pwani yetu, na karibu wote husagwa. Kila tani moja ya unga hutumia tani nne hadi tano za samaki wabichi. Mwaka 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta. Kisha uvuvi uliopitiliza ukakutana na El Niño ya 1972, iliyoleta maji ya joto pwani, na kufikia 1973 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi karibu tani milioni 2. Wafugaji wa kuku na nguruwe duniani walikimbilia soya, bei ikaruka, na Juni 1973 Marekani ikazuia kwa muda kuuza soya nje. Japani, iliyotegemea soya ya Marekani kwa chakula cha watu wake, ilishtuka, na baadaye ikaingia ubia na Brazil kufungua nyika za Cerrado kwa kilimo. Leo Brazil ndiyo mzalishaji mkubwa wa soya duniani. Samaki mdogo alipotoweka Peru, alichangia kubadili mashamba ya bara zima.

Jambo hilo halijaisha. Juni 2023 Peru ilifuta msimu wa kwanza wa uvuvi wa kaskazini na kati kwa sababu baharini walikuwa wamejaa wachanga, na bei ya unga ikapanda kila mahali. Mwaka mmoja nyuma, Misri, nchi inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa samaki, ilikuwa na shehena za soya na mahindi zimekwama bandarini kwa uhaba wa dola. Chakula kilikuwepo nchini. Hakukuwa na fedha za kigeni za kukitoa.

Malighafi ikishafika kiwandani, mashine huupika unga kwa mvuke na mgandamizo na kuusukuma kwenye matundu. Punje hutanuka, hewa inabaki ndani, ikaelea. Mfugaji wa sato anaona samaki wakila na anajua pa kuacha. Punje ya kamba hutengenezwa kinyume: lazima izame, kwa kuwa kamba hula chini, na isimumunyuke majini kwa saa mbili au zaidi, kwa kuwa hutafuna taratibu. Mashine za namna hii ni ghali na hula umeme mwingi, hivyo viwanda ni vichache na mfuko husafiri mbali.

Njiani unaharibika. Vitamini C hupungua kwa joto, mafuta huchacha, na unyevu huleta ukungu wenye sumukuvu. Wakala anayekopesha mifuko mpaka mavuno ni msaada mkubwa, ila ndiye huyo huyo anayeweza kukupa mzigo uliokaa ghalani tangu masika iliyopita.

Kenya ilijifunza kwa gharama kwamba bila chakula cha uhakika ufugaji hausimami. Kuanzia 2009, Mpango wa Kuchochea Uchumi uligharamia mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi. Mabwawa yalichimbwa, vifaranga vikagawiwa. Ruzuku ilipokwisha, chakula bora kilikuwa haba na ghali, na mabwawa mengi yakaachwa.

Njia za kupunguza kumtegemea dagaa zipo. Soya hustawi Ruvuma, na ikikaangwa ipasavyo kuua vizuizi vya usagaji wa protini inaweza kuchukua sehemu kubwa ya nafasi ya dagaa. Funza wa nzi chuma, wanaolishwa mabaki ya jikoni na sokoni, tayari wanazalishwa kibiashara Kenya. Vyote vinahitaji wanunuzi wa uhakika kuliko semina.

Kwa hiyo, ndugu unayetaka kuanza kufuga, usianze na jembe. Nenda kwanza dukani, uliza bei ya mfuko leo na ya miezi sita iliyopita, soma tarehe ya kutengenezwa na kiwango cha protini, na umimine punje chache kwenye ndoo ya maji uone kama zinaelea. Kisha muulize muuzaji mzigo ujao unafika lini. Kama hana jibu, usichimbe bwawa bado.