Jinsi Kazi Moja Inavyogawiwa kwa Kompyuta za Watu Wengi



Baadhi yenu, khasa wenye vijana wanaosoma, mmetuletea suala. Kijana ametia programu katika kompyuta ya nyumbani, na tangu siku hiyo mtambo wafanya kazi usiku kucha hali hapana mtu aliyekaa mbele yake. Mzee mmoja alituuliza hivi: "Anayeufanyisha kazi ni nani, naye mimi ananipa nini?" Suala hili ni la haki, nasi twaona lastahili jibu refu kidogo, maana mtu akikopesha chombo chake hana budi ajue kinavyotumiwa.

Zipo hesabu kubwa ambazo kompyuta moja ingezifanya kwa mamia ya miaka. Vyuo vingi havina fedha za kununua mitambo ya kutosha, na huku katika nyumba za watu zimejaa kompyuta ambazo saa nyingi za siku hazina shughuli. Basi wataalamu wakaziomba hizo. Tarehe 17 Mei 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha mradi uitwao SETI@home, wa kutafuta katika mawimbi ya redio yatokayo angani dalili ya viumbe wengine wenye akili. (Kama wapo au hawapo, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, sisi hapa twatazama mpango wa kazi tu.) Waliojiunga walipindukia milioni tano. Mradi huo uliacha kugawa kazi mwezi wa Machi 2020, lakini programu ya ugawaji iliyoanza kutengenezwa hapo hapo Berkeley mwaka 2002, iitwayo BOINC, yatumiwa mpaka leo na miradi mingine mingi.

Si kila kazi yagawika. Shamba la mikarafuu laweza kuchumwa na watu mia kwa pamoja, kwa kuwa mti huu haungoji mti ule. Lakini karafuu haianikwi kabla ya kuchambuliwa, hata ukileta watu elfu. Hesabu nazo ni vivyo hivyo. Zinazofaa ni zile ambazo kila kipande chaweza kufanywa peke yake pasi na kuuliza khabari za kipande cha pili.

Tazameni SETI@home ilivyokata vipande vyake. Mawimbi yalinaswa na darubini kubwa ya redio ya Arecibo, kisiwani Puerto Rico, yakatiwa katika kanda, na kanda zikapelekwa Berkeley kwa posta, maana intaneti ya Arecibo siku zile haikuweza kuchukua mzigo ule. Huko Berkeley upana wote wa mawimbi uligawanywa mafungu 256, na kila fungu likakatwa vipande vya sekunde 107. Wala hawakukata kikavu. Nyota huchukua kama sekunde 12 kupita mbele ya jicho la darubini ile. Kwa hiyo mwisho wa kipande kimoja ulirudiwa katika mwanzo wa kinachofuata, isije ishara ikakatika kati, nusu kwa huyu na nusu kwa yule, kila mmoja asione kitu.

Sasa tuje kwenye ugawaji wenyewe. Jambo la kwanza ni kuwa kompyuta kuu ya mradi, ambayo tutaiita seva, haiiti mtu wala haibishi hodi katika nyumba yoyote. Kompyuta ya mwenye kujitolea ndiyo inayokwenda kuomba. Ikifika hujieleza: aina yangu ni hii, kasi yangu kadhaa, nafasi yangu ya kumbukumbu kadhaa, nimebakiwa na kazi ya saa kadhaa, nataka nyingine ya kunitosha muda fulani. Seva nayo ina mfano wa rafu ndogo iliyopangwa vipande vilivyo tayari. Kikitoka kimoja, hutiwa kingine kutoka ghalani. Karani wa seva (na huyu karani ni programu, si mtu) hupitisha jicho rafuni akichagua vinavyomwelekea mwombaji. Kipande kinachotaka kumbukumbu kubwa hakipewi mtambo mdogo. Ambacho kwa kasi ya mtambo ule hakitakwisha kwa wakati, hukiacha. Seva ikizidiwa na waombaji, kompyuta iliyokosa hurudi nyuma ikangoja, na kila inapokosa tena hungoja zaidi, ili zisije zote zikarundikana mlangoni kwa mara moja.

Kila kipande hutoka na siku yake ya mwisho. Miradi mingine vipande vyake ni vya saa chache. Ule wa hali ya hewa, climateprediction.net, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2003, una vipande vilivyoweza kuchukua wiki nyingi. Siku ikipita bila ya jibu, seva haiulizi kwa nini. Huhesabu kwamba kipande kimepotea, ikatoa nakala nyingine kwa mtu mwingine. Haina la kufanya zaidi ya hilo, maana waliojitolea hawakufunga mkataba. Mmoja amesafiri, mmoja mtambo umeungua, mmoja amechoka tu.

Lakini kuchelewa ni jambo dogo. Kubwa ni kuaminiana. Mwenye mradi hamjui aliyefanya hesabu, na mtambo waweza kuwa na joto kupita kiasi ukakosea bila ya mwenyewe kujua. Zaidi ya hayo, katika miaka ya mwanzo ya SETI@home walitokea watu waliorudisha majibu yasiyo ya kweli ili majina yao yapande katika orodha. Ujira wenyewe ni alama tu, hauna hata senti, na bado watu wakaufanyia hila! Dawa iliyopatikana ni hii: kipande kimoja hupewa watu wawili wasiojuana, kila mmoja nakala yake. Majibu yakirudi hulinganishwa. Yakiafikiana, hukubaliwa na wote wawili huandikiwa alama zao. Yakikhitilafiana, hapana anayesadikiwa, hutolewa nakala ya tatu na kungojwa mpaka wapatikane wanaokubaliana. Na kwa kuwa mitambo ya aina mbalimbali yaweza kukhitilafiana kidogo katika tarakimu za mwisho za jibu, miradi mingine hupeleka nakala zote kwa mitambo ya namna moja.

Mpango huu una gharama yake, maana nusu nzima ya kazi yafanywa kwa ajili ya kuhakikisha nusu ya pili. Kwa hiyo BOINC ina njia nyingine: mtambo uliorudisha majibu sahihi mara nyingi mfululizo huanza kuaminiwa ukapewa vipande peke yake, lakini mara moja moja, bila ya taarifa, hupimwa tena kwa nakala ya pili. Mtambo unaorudisha makosa hupunguziwa fungu lake la siku hata ukafikia kupewa kipande kimoja tu. Ukifanya vyema, fungu huongezwa haraka. Kwa maoni yetu huu ni uadilifu mzuri, kwani hapana anayefukuzwa, wala hapana anayeachiwa kuharibu.

Mwaka 2010 mradi wa Einstein@Home ulitangaza nyota ya namna ya pekee, inayozunguka kwa kasi na kutoa mawimbi kwa mapigo, iliyogunduliwa na kompyuta za nyumbani. Wenye mitambo walikuwa katika jimbo la Iowa, Marekani, na katika mji wa Mainz, Ujerumani. Hawakuwa wanajuana, walikuwa wamepewa vipande sawa vya hesabu, na majibu yao yakaafikiana.

Ama lililo karibu zaidi nasi ni malaria. Taasisi ya magonjwa ya nchi za joto iliyoko Basel, Uswisi, iliendesha mradi wa malariacontrol.net mpaka mwaka 2016. Ndani ya kompyuta waliunda watu wa kuhesabiwa, wanaozaliwa, wanaoumwa na mbu, wanaougua na kupona, kisha wakajaribu: chandarua kikigawiwa kwa kiasi hiki itakuwaje? Chanjo ikipewa watoto wa umri huu je? Kwa kuwa mambo hayo yana bahati ndani yake, jaribio moja halitoshi. Yataka kurudiwa maelfu ya mara, na kila mara ni kipande kinachoweza kupelekwa nyumba yake. Kwa sisi tuliouguza watoto wa homa hiyo, kompyuta kukesha kwa ajili yake hakuhitaji maelezo mengi.

Basi tumjibu mzee wetu. Anayeufanyisha kazi mtambo ni mradi ambao kijana mwenyewe ameuchagua, na jina lake limo ndani ya programu, naamuulize. Programu za kazi hutiwa sahihi maalumu na mradi, ili mtu wa pembeni asiingize yake. Malipo hapana ila alama. Umeme ni wa mwenye nyumba, na hili lisifichwe: kompyuta inayofanya hesabu hula umeme zaidi kuliko inayokaa bure, na mita haijui kwamba hiyo ni sadaka. Yaweza kuamriwa ifanye kazi kwa saa maalumu, au kwa sehemu tu ya nguvu zake. Katika simu, programu haifanyi kazi mpaka simu iwe katika chaji na betri imekaribia kujaa, isipokuwa mwenyewe akiibadilisha.

Na anayetaka kuacha asifute programu ghafla. Aiamuru kwanza isipokee kazi mpya, amalize vipande alivyonavyo na kuvirudisha, kisha ndipo aitoe. Akiifuta tu, vipande vile hubaki vimeandikwa kwa jina lake mpaka siku ya mwisho ipite, na mwenzake wa nakala ya pili, huko aliko, angoja.

Katibu